Simu haisemi "acha kesi": Anti anajibu wanaoandika hadithi za upelelezi

Haya wapendwa, sanduku limejaa. Sijui ni hii baridi ya Arusha imewafungia ndani au vipi, maana barua nne kati ya tano wiki hii ni za watu wanaoandika hadithi za polisi. Moja nimeijibu kwa urefu kwasababu imenikaa kichwani tangu Jumatatu (barua yenyewe ni ndefu, hapa nimeifupisha), zilizobaki nimezipitia harakaharaka, msininunie.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26 naishi Sakina, mchana niko dukani nauza kava na chaja za simu, usiku naandika. Riwaya yangu imefika chapta ya 11. Mpelelezi wangu anaitwa Manka, yuko polisi hapa Arusha, anapeleleza kifo cha broka wa tanzanite aliyekutwa kwenye mto Themi. Chapta ya 9 bosi wake anampigia usiku anamwambia "achana na hiyo kesi ama utakufa", asubuhi Manka anaingia ofisini anamnasa bosi kibao, anatupa kitambulisho mezani, anatoka na bastola yake kwenda kupeleleza peke yake. Rafiki zangu wawili wamesoma, mmoja kasema ni sinema kabisa, mwingine kasema mbona huyu dada hafanani na polisi yeyote tunaemjua. Nimeumia ila naona kama ana ukweli. Nifanyeje presha ionekane ya kweli? – Binti wa Sakina

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo rafiki wa pili mtunze vizuri, mnunulie hata soda.

Tuanze na simu. Simu ya hivyo haipigwi. Mtu aliyekaa na cheo miaka mingi hatamki "acha kesi" kwenye simu, atatamkaje na anajua simu siku hizi zinarekodi? Anachosema ni hiki: "Manka, habari za nyumbani, mama anaendeleaje na ile presha yake, eeh tunamshukuru Mungu, sasa lile jalada la yule wa Themi niletee kesho nilipitie kidogo." Basi, amekata. Kuna salamu na kuna jalada, tishio hulioni. Kesho Manka anapeleka jalada, linakaa wiki, linakaa mwezi, akiuliza mzee yuko safari, akiuliza tena mzee yuko kikaoni, siku linarudi ameshasahau hata rangi yake, anafungua anakuta maelezo ya shahidi mmoja hayamo, yule muuza mahindi ya kuchoma aliyeiona gari. Kurasa zilikua na namba? Hazikua na namba, na aliyetakiwa kuzipa namba ni Manka mwenyewe. Hapo msomaji wako atashika kifua kuliko ungempa bastola kumi, maana nani hapa mjini hajawahi kuambiwa faili halionekani, kama sio la polisi basi la kiwanja.

Mimi nilikaa miaka kadhaa kwenye benchi za mahakama nikiandika habari za kesi, na sentensi niliyoisikia kuliko zote ni "upelelezi bado haujakamilika mheshimiwa, tunaomba tarehe nyingine". Mara nyingi ni kweli haujakamilika, ripoti ya Mkemia Mkuu haijaja, shahidi kasafiri. Ila mara nyingine ukimwangalia askari aliyeleta mtuhumiwa unaona anaangalia viatu vyake. Muandike huyo anaeangalia viatu.

Sasa mafuta. Hili waandishi wengi mnalikimbia sijui kwanini na ndio mlango wenyewe. Manka anataka kwenda Mererani kuhoji watu, gari la kituo lipo limepaki chini ya mti, mafuta hamna. Nani ataweka? Ndugu wa marehemu ni watu wa Ngaramtoni wanauza maziwa, wamechanga elfu ishirini, hiyo inafika wapi. Tajiri anaetajwatajwa kwenye kesi nae anasikia, anasema "jamani afande asihangaike, na mimi nataka ukweli ujulikane" na anajaza tenki. Hajaomba chochote! Ila kuanzia siku hiyo gari linaenda anakotaka mwenye mafuta, na dereva anajua, na Manka anajua, na wakirudi jioni wamepitia sehemu ya nyama choma bili imeshalipwa. Ukiniuliza mimi rushwa inaanzia wapi nitakuambia inaanzia kwenye geji ya mafuta, bahasha inakuja baadae sana, na ikija inakuta mtu ameshazoea.

Sheria nayo hailali kiasi hicho. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ndiyo iliyozaa TAKUKURU hii tuliyonayo, haiongelei bahasha tu, inaongelea manufaa ya aina yoyote, zawadi, mkopo, ajira, huduma, na inamshika anaetoa na anaepokea wote wawili. Kwahiyo tenki lile la mafuta linaweza kumgeukia Manka siku yoyote wakitaka. Umeliona hilo? Ndio maana nakuambia usimfanye malaika. Mpe doa. Miaka mitatu nyuma mdogo wake alikwama ada, kuna mzee mmoja wa heshima pale ofisini akamsaidia laki nne, akasema utarudisha ukipata, hajarudisha, mzee hajawahi kudai. Chapta ya 9 sio tishio la kufa, ni huyo mzee anamkuta kwenye korido anamuuliza kwa upole kabisa, "mdogo wako amemaliza chuo?" Alafu anapita zake. Manka anabaki amesimama na kikombe cha chai. Kibao cha nini tena hapo?

Alafu kuna ukoo. Mpelelezi mwanaume kwenye hadithi hua hana shangazi, sijui wanazaliwa kwenye mayai. Manka ni Mchaga wa Machame umesema, basi ana shangazi, ana baba wadogo, ana kikundi cha wanawake cha kukopeshana Jumapili, ana kadi za michango ya harusi mezani kama sita. Mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binamu yake ni nani? Ni yule yule tajiri wa mafuta, ameahidi ng'ombe wawili na ukumbi. Shangazi anashuka kutoka Machame na ndizi na mtori kwenye hotipoti, anakaa, wanakula, wanaongea habari za kahawa na mvua, anapoaga mlangoni ndio anasema "mwanangu sisi hatukukusomesha uje utuaibishe mbele za watu". Huyo shangazi hajatumwa na mtu yeyote wala hajapewa hata mia, anaipenda harusi tu. Presha ya mwanamke kwenye kazi hii nyingi inakuja na hotipoti.

Niwape kisa cha kweli kidogo, mhusika simtaji wala kituo sikitaji. Kuna dada mmoja askari nilimfahamu Moshi, alirudi nyumbani jioni akakuta gunia la mchele mlangoni, jirani anasema kaleta kijana wa boda, hakusema nani kamtuma. Kesi aliyokua nayo mezani wakati huo alijua mwenyewe ni ipi. Akalibeba gunia lile kwenye boda mpaka kituoni akaliandikisha, gunia moja la mchele, limeokotwa mlangoni, mwenyewe hajulikani. Wenzake walicheka wiki nzima, wakamwita Mama Mchele. Kicheko kilipoisha ndio akaona hakuna anaekaa nae tena kwenye benchi la chai. Hakuna aliyemfukuza wala kumtisha, wenzake tu wakawa wakimwona anakuja wanabadilisha stori. Aliniambia hilo benchi ndilo lililomuuma. Baadae akapewa uhamisho kwenda wilaya ya mbali, kwenye karatasi ni mzuri tu, cheo kimepanda, na watu walimfanyia sherehe ya kumuaga na keki. Chukua kisa hicho bure, badilisha mchele uwe unga, ila keki iache.

Kuna na ile presha ambayo Manka ataipata na mwenzake wa kiume hataipata. Mkubwa anamwambia jina lako nimelipeleka kwenye kozi, tutaenda semina Dodoma wiki ijayo, hoteli nimeshabuku mimi. Nimeshabuku mimi. Hiyo sentensi usiielezee, iache hapo. Sheria ile ile ya 2007 kifungu cha 25 kinaitaja rushwa ya ngono waziwazi, mtu anaetumia madaraka yake kudai ngono ama upendeleo wa namna hiyo ili akupe kazi, cheo au haki yoyote. Manka anakijua, ameshawahi kuwasindikiza wengine TAKUKURU kwa kifungu hicho hicho. Nani atamsindikiza yeye? Namba 113 ya TAKUKURU ni ya bure, anaipiga mpaka tarakimu ya pili anakata. Hilo ni tukio zuri kuliko risasi, na usimfanye mjinga kwa kukata, mfanye anaehesabu.

Sasa jiwe. Umeniandikia kwamba marehemu alikutwa na tanzanite "za bluu zinazometameta" mfukoni. Mwanangu baba yako sio mwanaapolo, mchimba tanzanite, naona. Tanzanite ikitoka shimoni nyingi ni za kahawia, zinachomwa kwenye joto la nyuzi mia tano na zaidi ndio zinageuka bluu, na ikishageuka hairudi. Watu wa mjini wanajua bluu tu. Basi hapo una dhahabu mkononi samahani una tanzanite: askari wa zamu aliandika kwenye hati ya ukamataji "mawe 7 ya kahawia", hakuandika uzito. Miezi miwili baadae chumba cha vielelezo kina mawe 7 ya bluu, madogo, masafi, ya bei chee. Aliyebadilisha aliona anaficha vizuri maana kila mtu anajua tanzanite ni bluu. Kila mtu isipokua Manka, na huyu mfanye amekulia Mererani kwenye vumbi la mashimo. Na kama yule askari angepima uzito, gramu moja ni karati tano, hesabu ya darasa la nne, wizi ungeonekana siku ile ile. Mahakama zetu kwenye mambo haya hazina mchezo, tangu ile rufaa ya Paulo Maduka ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufani inataka ionyeshwe kielelezo kilikamatwa na nani, kikapewa nani, kikahifadhiwa wapi, mkono kwa mkono mpaka mahakamani. Mkono mmoja ukikosekana wakili wa tajiri anasimama anatabasamu. Kwahiyo anaetaka kuua kesi ya Manka wala hahitaji kumuua Manka, anahitaji sahihi moja isiwepo.

Makosa madogo ya kurekebisha: Mererani iko Simanjiro, Mkoa wa Manyara, sio Arusha, kwahiyo Manka akienda kule anaingia kwenye uwanja wa wenzake na "hii kesi sio yenu" ni presha nyingine ya bure kabisa itumie. Amua pia mwaka, kabla ya 2018 au baada, maana ukuta ule wa kuzunguka machimbo, wa kilometa 24.5, ulizinduliwa Aprili 2018 na njia za kutorosha mawe zikabadilika. Bosi wa upelelezi wilaya ni OC-CID, wa mkoa ni RCO, hivyo vyeo ulivyoweka vya "Chifu Ditektivu" umevitoa kwenye tivii ya Uingereza. Askari wa kike namba yake inaanza na WP. Na bastola sio yake, ni ya serikali, anaisainia ghalani anairudisha, akiondoka nayo baada ya kutupa kitambulisho hiyo ni kesi nyingine na yeye ndio mtuhumiwa.

Kwahiyo asubuhi ile ya kibao afanye nini? Akae chini, achukue peni, aanze kuzipa namba kurasa zilizobaki.

SWALI: Anti, mimi ni mzee mstaafu wa Pasua, Moshi. Nimesoma hadithi za upelelezi tangu ujana wangu. Hawa wapelelezi wa kike wa siku hizi naona ni fasheni tu. Mwanamke polisi kazi yake ni dawati la jinsia na watoto. Kuna haja gani ya kulazimisha? – Mzee wa Pasua

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Najua ulikotoka, mimi pia nimekulia huko huko. Muhammed Said Abdulla alipotuletea mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960 kwenye Mzimu wa Watu wa Kale alitufungulia njia, na waliofuata wakaongeza bastola, suti na wasichana wa kuanguka kifuani. Tulifurahi. Ila mzee, wewe uko Moshi, pale kwenye shule ya polisi makuruta wa kike wanakimbia mchakamchaka sawa na wa kiume na umeshawaona kwa macho yako, sasa wakitoka pale wote wanaenda dawati la jinsia? Hilo dawati nalo usilidharau, kesi ngumu kuliko zote ziko pale, maana shahidi ni mtoto na mtuhumiwa ni anaemlipia ada.

Nikupe mfano wa hapa hapa jirani. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha, pale AICC, kwenye jengo la mikutano ya kimataifa. Kesi ya Akayesu, aliyekua meya huko Rwanda, ilipoanza hati ya mashtaka haikua na ubakaji kabisa. Shahidi akiwa anatoa ushahidi akagusia, majaji wakauliza zaidi, na kati ya majaji watatu wa kesi ile mmoja alikua mwanamke, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hati ikarekebishwa mwaka 1997, na tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kusema ubakaji unaweza kua tendo la mauaji ya kimbari. Sisemi wanaume wale wasingeuliza. Nasema yeye alikuwepo na maswali yakaulizwa. Mpelelezi wa kike kwenye riwaya nae ni hivyo hivyo, anaingia kwenye nyumba ya marehemu anaona kanga mbili mpya kwenye kamba na mke anavaa ya zamani, wenzake wanaangalia mlango umevunjwaje.

Jaribu moja mzee. Usipoipenda niandikie, nitakurudishia Bwana Msa wako.

SWALI: Mambo Anti, mimi chalii wa Kijenge. Nataka mpelelezi wangu wa kike ashinde mwishoni, tajiri afungwe, bosi afukuzwe kazi, ila mwalimu wangu kasema mwisho mzuri ni uongo. Ashinde au asishinde?

JIBU: Poa chalii angu. Mwalimu wako ana machungu yake. Ashinde, ila ashinde kama watu wanavyoshinda huku kwetu, nusu. Ngoja nikupe kitu: DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ana mamlaka ya kuiondoa kesi mahakamani kabla ya hukumu kwa kusema tu Jamhuri haina nia ya kuendelea. Mtuhumiwa anaachiwa, ndugu wanapiga vigelegele, wanalia, wanakumbatiana. Ila kuachiwa huko sio kushinda kesi, anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lile lile ushahidi ukiwepo, na tumeshaona watu wanakamatwa hapo hapo nje ya mahakama hata koti hajavaa vizuri. Mlango huo unafunguka pande zote mbili, tajiri anaweza kuutumia kutoka na mpelelezi wako anaweza kua amesimama nje na jalada jipya lenye kurasa zilizopewa namba. Unaona linavyokwenda? Ukimaliza na bosi anabaki kazini lakini sasa anamwamkia yeye kwanza asubuhi, mimi nitaridhika. Alafu hadithi yako acha kuita kila kitu "Arachuga", mara moja inatosha.

SWALI: Anti mama yangu ni askari, sikukuu watu wanamletea kuku na maziwa. Nikiandika hivyo kwenye hadithi nitakua nimemuaibisha? – Jina linahifadhiwa

JIBU: Inategemea walioleta kuku wana kesi kwake au hawana. Jirani mliyekua mnapeana chumvi tangu hujazaliwa akileta kuku ni jirani. Mtu ambae kijana wake yuko mahabusu akileta kuku, huyo kuku ana namba ya jalada. Muulize mama taratibu mkiwa jikoni, na kama atanyamaza, andika alivyonyamaza. Badilisha jina, badilisha mtaa, kuku wafanye bata. Na tafadhali nyie wote mnaoniandikia, wekeni hata polisi mmoja wa kawaida humo ndani, anaechoka, anaenunua vocha kwa hela yake kumpigia shahidi, asie shujaa wala mwizi. Wapo wengi, nyie ndio hamuwaandiki.

SWALI: Anti fupi tu. Mpelelezi wa kike aolewe au asiolewe? – Dada wa Tengeru

JIBU: Aolewe. Alafu ile simu ya salamu apigiwe mumewe.